Tatu juu ya Kumi kwa Mwalimu Sikuli

Ukimkuta mtu wa Butembo wa umri wangu anayejua kuweka koma mahali pake, mwangalie sikio la kushoto. Likiwa refu kidogo kuliko la kuume, huyo alipita kwa Mwalimu Sikuli.

Miaka arobaini na mmoja alifundisha darasa la tano katika shule moja ya Waprotestanti juu ya kilima, jengo la matofali lenye bati ambalo, mvua ikinyesha, sauti moja tu ilisikika chini yake, na sauti hiyo ilikuwa yake. Mikononi mwake walipita mapasta watatu, wafanyabiashara wanaoleta makontena kutoka Asia, mkubwa mmoja wa ofisi ya serikali ambaye hadi leo akimwona barabarani anaficha sigara, na mimi, ambaye hanitaji kamwe kati ya mifano yake mizuri.

Mwalimu ana ugonjwa mmoja: anatoa pointi. Alipoacha kazi, mwili ulistaafu, biki nyekundu, kalamu ya kusahihishia, ilikataa. Inakaa katika mfuko wa shati lake kama cheo cha jeshi. Mahubiri ya Pasta Timothée: sita juu ya kumi, "hitimisho lilichelewa, njaa ikatangulia." Mvua ya Septemba: saba. Mke wake, Mama Agar, anasimulia bila aibu kwamba barua ya kwanza ya uchumba aliyomwandikia ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu: nane juu ya kumi, na chini yake, "Endelea hivyo hivyo." Mama Agar aliendelea. Wana watoto watano.

Sasa, mtu kama huyo ndiye Mungu alimpa Gamaliel.

Gamaliel ni mzaliwa wa kwanza, ana miaka ishirini na saba. Katika darasa la baba yake alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Kaye yake, daftari la darasani, ilitolewa kabatini kila mkaguzi alipofika, kama vile nyumba nyingine wanavyotoa vikombe vya wageni. Alipokua, vidole vile vikaenda kwenye simu. Alifungua meza ya kutengeneza simu kule Mangina, upande wa Mabalako, kati ya wanunuzi wa kakao ambao simu zao zinaanguka ndani ya magunia kila juma. Alifanya vizuri. Halafu simu zikaanza kumsemesha zikiwa zimezimwa.

Mwanzoni alizijibu kwa adabu. Alilelewa vizuri. Kisha zikamtukana, naye akazifungua zote, simu za watu, arobaini hivi, akapanga vyuma vyake chini kwa mistari iliyonyooka, akaondoka kwa miguu bila viatu. Mwalimu alikwenda kumchukua kwa pikipiki. Gamaliel alikuwa anapigana na hewa, na dereva akasema wazi: huyu akiachiwa mikono, tutakufa wote watatu kabla ya Beni. Basi Mwalimu Sikuli mwenyewe akachukua mpira wa kufungia magunia, akafunga mikono ya mtoto wake. Kutoka Mangina mpaka Beni, kutoka Beni mpaka Butembo. Alama ilibaki kwenye kifundo cha mkono wa Gamaliel kama saa ambayo haionyeshi saa.

Siku ile, walipofika nyumbani na fundo likafunguliwa, Mwalimu alimwambia Mama Agar neno moja, na sisi majirani tulilisikia kwa sababu hajui kusema chini: "Huyu mutoto hatafungwa tena. Si mimi, si mutu mwingine."

Alimpeleka kwenye kituo cha afya ya akili cha mjini. Walimchoma sindano moja, ile ambayo inafanya kazi majuma manne, na zile sauti zikashuka, zikawa kama redio ya jirani mwenye adabu. Wakasema: sindano ni kila majuma manne, bila kuruka, na ekipe, timu yao, itakuja nyumbani kumfuatilia. Mwalimu aliandika kila kitu katika kaye mpya. Juu ya ganda akaandika: GAMALIEL, MWAKA WA KWANZA.

Ekipe ilikuwa watu wawili. Mmoja ni Mama Ngalula, muuguzi aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, mwanamke mpana, anayesema Kiswahili kana kwamba anagombana nacho, na anashinda. Wa pili ni Zorobabel, mtoto wa hapa hapa, psikolojia yake bado inanuka chuo, kijana mwema ambaye hawezi kuuliza "umelala?" bila kupitia sentensi tatu zenye neno "accompagnement", yaani kumsindikiza mgonjwa.

Walikuja mara ya kwanza kwa gari, jipu nyeupe, wamevaa gilet, yaani vizibao, zenye alama ya projet, mradi wao.

Unayejua Butembo umeshacheka. Asiyejua nimweleze: miaka ya Ebola, jipu nyeupe na gilet vilikuwa vikiingia mtaani, katika avenue, mtu alikuwa anatoka humo na hakuna aliyemwona tena. Ugonjwa uliisha. Macho ya watu hayakuisha. Kabla Zorobabel hajashusha mguu wa pili, mama muuza avoka, maparachichi, wa kwenye kona alikuwa ameshafunga beseni.

"Riposte inarudi!" mtu akalia, kwa jina la kikosi kile cha Ebola. "Biko na gilet! Bafunge milango!"

Milango ikafungwa kwa mfuatano, pa, pa, pa, mpaka chini mtoni. Jiwe moja likaruka, likagonga kioo cha nyuma, kwa heshima ya zamani. Na Gamaliel, ambaye tangu mwezi mzima alikuwa anamwambia mama yake kwamba kuna watu wanakuja kumchukua, akachungulia dirishani na kuona kwamba, kweli, watu wamekuja kumchukua. Akatoroka kwa mlango wa jikoni. Walimkuta saa tisa alasiri sokoni Musienene, nje ya mji, ameketi kati ya mama wauza viazi, anawasaidia kupanga mafungu.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliwaketisha Ngalula na Zorobabel kwenye benchi, akasimama mbele yao.

"Ninyi munakuya kumuponesha mutoto, ao munakuya kuchukua maiti?"

"Papa Mwalimu," Ngalula akasema, "si sisi. Ni projet njo inaomba gilet. Bila gilet hakuna photo. Bila photo hakuna rapport."

"Basi mutundike gilet ku musumari, muipige photo. Na ninyi mukuye bila yee."

"Et le véhicule?" akauliza Zorobabel.

"Jipu ibakie ku soko. Mukuye kwa miguu. Na mukuye na kitu mu mukono, kama batu."

Halafu akatoa biki. Siku ile ndipo bulletin, ripoti za shule, zilianza. Kila mmoja alipewa karatasi yake, yenye mistari iliyopigwa kwa rula: Kufika kwa saa, Adabu, Kazi, Mwenendo. Ngalula alipata sita. Zorobabel alipata mbili, na chini yake: "Anaongea sana, hatoi mfano." Walitakiwa kutia sahihi. Ngalula alicheka mpaka benchi likalia. Zorobabel alitia sahihi bila kucheka, na ninasikia aliipeleka nyumbani.

Mara iliyofuata walikuja kwa miguu, bila gilet. Ngalula alibeba kabeji. Zorobabel alibeba kuku hai, amemshika kwa mabawa kama faili ambalo hajui linafungukia upande gani, na kwa sababu kijana anayepanda avenue yetu na kuku, amevaa shati safi, ana kazi moja tu inayojulikana, juma lile lile ilijulikana kanisani kwamba Christa, binti wa mwisho wa Mwalimu, amepata mchumba. Watu wakamsalimia Zorobabel kwa furaha. Mama wa avoka alimpa moja bure, akamwambia avumilie, mzee ni mkali lakini nyumba ni nzuri. Hakuna aliyefunga mlango. Gamaliel alipata sindano ya pili akiwa sebuleni kwao, na baada yake akala shingo ya kuku.

"Accompagnement," Mwalimu akasema usiku… hapana, nisiongeze, alisema pale pale, mchana, mfupa mkononi: "Njo hii sasa. Ilikuwa lazima muanze na kuku."

Alikuwa na haki ya kujivuna, na aliitumia yote. Kwa mkutano wa tatu alikuwa ameshakuwa mkuu wa ekipe ya mtoto wake. Alifungua kwa sala, akaita majina, "Ngalula!" "Présente." "Zorobabel!" "Présent." Akasoma ripoti ya majuma manne kutoka kwenye kaye: usingizi, chakula, maneno, matembezi. Na Ngalula alipomgeukia Gamaliel na kumwuliza, kama walivyomfundisha, "Gamaliel, unajisikia namna gani?", Mwalimu alijibu:

"Iko bien, docta. Jana alikula obundu ya muhogo sahani mbili."

"Na sindano, haikusumbue?"

"Haimusumbue. Ni mutu ya nguvu."

Ngalula aliandika. Mtu aliyefundisha miaka arobaini na mmoja anajua kwamba ukiuliza swali na darasa likanyamaza, unalijibu mwenyewe na kusonga mbele, la sivyo programu haiishi. Gamaliel alikuwa amekaa kando, mikono ameibana kwapani. Alichomwa sindano ya tatu.

Majuma yale yale alikuwa amefungua tena meza yake, ndogo, chini ya dirisha lao, upande wa barabara. Mimi nilikuwa mteja wake wa pili. Nilimpa simu yangu iliyokuwa na ugonjwa wa sauti, akanirudishia maiti: katikati ameichoma shimo la rangi ya kahawa. Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo hayafai kumwambia mtu aliyewahi kutukanwa na simu. Alirudisha mikono kwapani. Kesho yake meza haikufunguliwa tena.

Na siku ya sindano ya nne, ekipe ilipofika na mzigo wa mkaa na sombe, majani ya muhogo, Gamaliel alisema neno moja.

"Hapana."

Wakamwuliza sababu: juu ya nini? Hapana. Unaogopa? Hapana. Zorobabel akaleta sentensi zake zote, nyingine mpya. Hapana. Wakaondoka na sindano yao. Likapita juma moja, na Mama Agar akaona mtoto anageuza kichwa polepole kuelekea simu ya baba yake iliyokuwa imelala mezani, imezimwa.

Habari zilifika Beni kabla ya juma kwisha, na kutoka Beni akaja Mardochée.

Mardochée ni mdogo wake Mwalimu, shemasi, mtu wa suti ya vipande vitatu hata jua likiwa kali. Ana rafiki kule Beni mwenye chumba cha maombi nyuma ya ploti yake. Wagonjwa wa kichwa wanawekwa humo siku arobaini, maji tu, na kamba, ili pepo asiondoke na mtu wakati wa kutoka. Hakuna mtu wa familia aliyewahi kuona aliyepona huko. Hakuna pia aliyewahi kuuliza, kwa sababu Mardochée akisema "chumba cha maombi" anafunga macho, na ni vigumu kumwuliza swali mtu aliyefunga macho.

Jumatatu familia ilikaa. Mardochée akamwambia kaka yake: "Yaya, ulijaribu bazungu na masindano yao. Tulikuachia. Sasa jumamosi nakuya na gari. Kama hajakamata sindano, mutoto anaenda na mimi."

"Na kamba?" Mwalimu akauliza.

"Ni kwa uzuri yake."

Baba wadogo wakaitikia kwa kichwa, shangazi wakaitikia kwa kichwa. Sebule nzima ilikuwa upande wa gari. Mwalimu akawaangalia mmoja mmoja, wengi wao aliwafundisha.

"Jumamosi," akasema. "Mbele ya jumamosi atakamata."

Siku tano. Jumanne alipanda mpaka kituo, akamwambia Ngalula ahifadhi sindano na ahifadhi jumamosi. Jumatano alipanda tena kuhakikisha. Alhamisi alipanda kuhakikisha kwamba amehakikisha. Yule mzee ana magoti mabovu na kituo kiko juu. Nyumbani alitoa ubao mweusi uliokuwa nyuma ya kabati, akaandika FAIDA ZA SINDANO, akapigia mstari, akafundisha, saa nzima, mwanafunzi mmoja. Gamaliel alisikiliza, mikono kwapani. "Swali?" Mwalimu akauliza mwishoni. Gamaliel akafungua mdomo. "Hakuna? Bon," Mwalimu akasema, akafuta ubao.

Ijumaa alimleta Pasta Timothée. Mimi nilidhani atatoa pepo. Mchungaji alikunywa chai, akamwangalia Gamaliel, akamwambia Mwalimu kwa upole, "Mwalimu, mimi niko na sala, na nitasali. Mais sina sindano. Umusikilize huyu mutoto." Mwalimu alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, "Wasingya, Pasta," na ninajua kwamba alipofika ndani alimpa saba. Ilikuwa inapanda.

Jumamosi saa nne, gari la Mardochée lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, mlango wa nyuma wazi. Kamba ilikuwa kwenye kiti, mpya, ya nailoni, bluu. Sisi majirani tulikuwa tumekuja kusaidia, maana yake tulikuwa tumejaza mlango na madirisha. Ngalula na Zorobabel wakapita katikati yetu na kikapu cha maharagwe. Sebuleni Mama Agar alikuwa ameweka sufuria ya viazi vya kuchemsha, kwa sababu hata siku ya hukumu watu watakula.

Mwalimu akasali, akaita majina. Alipomwita "Mardochée!" mdogo wake, shemasi, miaka hamsini na saba, akajikuta amesema "Présent" kabla ya kujizuia.

"Donc," Ngalula akaanza, akasogeza kiti mbele ya Gamaliel. "Mutoto yangu, unajua leo ni leo. Uniambie. Juu ya nini hautake sindano?"

"Anaogopa maumivu," Mwalimu akajibu. "Tangu mutoto, alikuwa anaogopa—"

"Tata."

Gamaliel alikuwa amesimama, anamwita baba yake. Siku nyingi hatukuwa tumesikia sauti yake ikiwa na ukubwa huo.

"Tata, mu darasa yako, mwanafunzi hawezaka kumupa mwalimu pointi?"

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu hakucheka, ilikuwa swali la programu. "Haijaonekana," akasema.

"Basi leo itaonekana. Lete biki."

Sijui kama unaelewa uzito wa jambo hilo. Ile biki, hata Mama Agar haiazimi. Mwalimu aliangalia gari nje, akaangalia kamba ndani ya gari, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. Gamaliel akachukua karatasi moja ya bulletin, akakaa mezani, akainama.

Aliandika muda mrefu. Ilikuwa mistari michache tu, lakini alikuwa anaandika kama mtu anayepita kwenye daraja la mti mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa unashika mkono wa kuume. Alipomaliza, akamkabidhi baba yake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kwa sababu kila bulletin inasomwa kwa sauti.

"Mama Ngalula, mukono mwepesi: nane. Zorobabel, maneno: tano, kuku: tisa. Mama Agar, viazi: kumi." Akarekebisha miwani. "Mwalimu Sikuli. Kutembea: kumi. Alikuya kunikamata mpaka Mangina. Kusikiliza…" Akasogeza karatasi karibu. "Hii ni nini? Ni nane? Ni tatu? Andika vizuri! Hii si mwandiko yako."

"Ni tatu, Tata. Na njo mwandiko yangu ya sasa."

"Tangu lini?"

"Tangu sindano ya pili. Inaniponesha kichwa, inanikamata mikono." Akainyosha juu ya meza, mbele ya wote, na ndipo tuliona. Vidole vile vya kuonyeshwa wakaguzi vilikuwa vinatetemeka kama majani ya mgomba, kila kimoja na mvua yake. "Siwezi kushika chuma ya kuchomea. Nilichoma simu ya batu. Nikikamata ya ine, nitakuwa mutu muzima wa kichwa na sina kazi ya kufanya na yee."

Simu ya watu ilikuwa yangu. Nilikuwa mlangoni. Niliangalia viatu vyangu.

Ngalula akaichukua ile mikono, akaigeuza, akaiachia, akaangalia tena. Alikuwa amekasirika, na alikuwa anatafuta wa kumkasirikia.

"Mais hii ni kitu inajulikana! Kuko kidonge ya kutuliza mikono! Docta anaweza kupunguza dose! Hii si kazi hata ya siku moja! Gama, juu ya nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mara mbili, Mama Ngalula," Gamaliel akasema. "Mwalimu akajibu mara mbili. Haukumuonesha hata kosa moja."

Zorobabel akafungua mdomo. Tuliona "accompagnement" inakuja, imefika kwenye meno. Akafunga. Kwa kazi ile ningempa kumi.

Ngalula akatoka uani na simu, akazungumza na daktari wa kituo kwa Kifaransa cha haraka, akarudi: sindano ya leo itakuwa nusu, vidonge vya mikono viko ndani ya mfuko wake, na baada ya siku kumi atakuja kuangalia vidole kabla ya kuangalia kitu kingine.

"Sasa utakamata?" akauliza. Na macho yote, kwa mazoea, yakamgeukia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa bado anasoma karatasi.

"Nitakamata," Gamaliel akasema. "Mais kuko condition. Mwalimu atoke inje. Mpaka tutakapomaliza masemi yetu."

Mardochée akaruka. "Munasikia? Mutoto anafukuza baba yake mu nyumba ya baba yake! Hii si ugonjwa, yaya, hii ni pepo mwenyewe anaongea! Tumufunge, twende!"

Akatoka nje haraka, akarudi na ile kamba ya bluu. Vijana wawili wa familia wakasogea. Gamaliel akarudi nyuma mpaka ukutani, mkono mmoja umefunika kifundo cha mwingine, pale penye alama.

Mwalimu Sikuli akavua miwani. Akaweka bulletin mezani, akasimama kati ya kamba na mtoto. Si mtu mrefu. Lakini alikuwa amesimama vile alivyokuwa akisimama mlangoni mwa darasa la tano, na wale vijana wawili, ambao masikio yao nayajua, wakasimama pale walipo.

"Mardochée. Lete hii kamba."

"Yaya, kwa uzuri yake—"

"Lete."

Akaletewa. Akaipima kwa vidole. "Ni kamba muzuri," akasema. "Mimi nilishafunga huyu mutoto mara moja, na mikono yangu. Kila asubuhi nakunywa chai naangalia ile alama. Haitakuwa mbili." Akamgeukia mke wake. "Mama Gama, gunia ya viazi ya Musienene iko?"

"Iko," Mama Agar akasema. Alikuwa ameshalishika.

"Mardochée atafunga viazi. Viazi njo vitaenda Beni."

Akakaa tena mezani, akavuta bulletin yake. Mwisho wa kila bulletin kuna mstari alioupiga mwenyewe kwa rula: sahihi ya mzazi. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa ameangalia sahihi za wazazi wa wengine chini ya aibu za watoto wao, na kila mara, aliniambia baadaye, alikuwa akijiuliza kwa nini mkono wa mzazi unachukua muda. Ulichukua muda. Akaandika jina lake lote. Kando ya ile tatu, ambayo sasa aliweza kuisoma vizuri, akaongeza kwa wino mwekundu: "Atafanya repêchage," yaani mtihani wa marudio.

Kisha akasimama, akamwinamishia Gamaliel kichwa kidogo, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akatoka nje.

Alikaa kwenye benchi chini ya dirisha, mimi upande mmoja, Mama Agar upande mwingine na sufuria ya viazi magotini. Mardochée alikuwa anahangaika na gunia nyuma ya gari. Hakuwahi kujua mafundo, alikuwa wa mwisho hata katika kazi za mikono. Majirani walibaki, lakini walishusha sauti. Mama wa avoka akaniuliza kwa mkono kama mchumba wa Christa ni mzima. Nikamjibu kwa mkono kwamba ni mzima.

Tulisikia kiti kinaburuzwa. Tulisikia Ngalula anavunja kichupa cha dawa, na Gamaliel anavuta pumzi kwa meno. Imeingia. Mwalimu akafumba macho, akayafumbua.

"Bon," sauti ya Ngalula ikasema ndani. "Iliisha. Sasa, Gamaliel. Unajisikia namna gani?"

Hakuna aliyejibu. Nje hata gunia likanyamaza. Kimya kikawa kirefu, kile ambacho darasani kinaua programu, na nikaona Mwalimu anaanza kuvimba. Kifua kikapanda. Shingo ikanyooka kuelekea dirishani. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, lina sahani mbili za obundu ndani yake, na mdomo ukafunguka.

Mama Agar akautia kiazi kizima.

Mwalimu akamwangalia. Akatafuna. Na ndani, polepole, Gamaliel akaanza kueleza, kwanza mikono, halafu simu, halafu Mangina, halafu barabara ile na mpira wa magunia. Alisema mwenyewe, kwa mpangilio wake. Kila mdomo wa Mwalimu ulipofunguka, Mama Agar aliongeza kiazi. Jibu lilichukua viazi sita.